Kijana wa Nairobi na Kazi ya Kusaidia Wenye Shida, Mtaani na Ng'ambo

Kijana wa miaka kumi na mitano anayeishi Nairobi hana mshahara, hana kitambulisho, na mara nyingi hana hata nauli ya kumfikisha mbali bila kuiomba nyumbani. Hata hivyo ana vitu viwili ambavyo watu wazima wengi wa jiji hili wamevikosa, navyo ni muda wa likizo na masomo ambayo bado hayajamtoka kichwani. Mwongozo huu unahusu namna ya kuvitumia vitu hivyo kuwafaa wenye shida, kwanza wa mtaani kwake na kisha wa nchi nyingine. Ushauri wake mkuu ni kwamba kijana atafute kazi ambayo tayari ina mwenyewe, amuulize mwenyewe huyo anachokosa, kisha aahidi kidogo na kukitimiza kila wiki.

Kuuliza si adabu tu, bali pia ni njia ya kuepuka hasara. Maji yanapoingia majumbani, kama yalivyoingia Mathare na Mukuru mwezi wa Aprili na Mei 2024, wazo la kwanza la wengi huwa ni kufungua kabati na kukusanya nguo kuukuu, ilhali nguo ni miongoni mwa vitu vilivyo rahisi kupatikana katika jiji lenye soko la mitumba la Gikomba. Familia iliyopoteza kila kitu huulizia godoro, sufuria, jiko, sare za shule, vitabu vya watoto na vyeti vya kuzaliwa vilivyosombwa. Kijana asiye na shilingi anaweza kupita katika ploti moja pamoja na mzee wa nyumba kumi, akaandika majina ya watoto, madarasa yao na saizi za sare zao, kisha akaikabidhi orodha hiyo kwa mwalimu mkuu au kwa kamati ya kanisa au msikiti inayogawa misaada. Kwa maoni yangu orodha ya namna hiyo, ikiwa imeandikwa kwa makini, ina thamani kuliko magunia matatu ya nguo ambazo hakuna aliyeziomba.

Kazi ambayo vijana huifanya vizuri kuliko wazee wao ni kumsomesha mtoto aliyeachwa nyuma darasani. Mahali pa kuifanyia hapakosekani, kwa kuwa kuna kumbi za makanisa, madrasa, shule za mtaani zinazofunguliwa Jumamosi, na maktaba za Kaloleni na Makadara ambazo ni matawi ya maktaba ya McMillan. Chukua mtoto mmoja au wawili, wala si darasa zima, na umwombe mwalimu wao akutajie jambo moja linalowasumbua. Mtoto wa Gredi ya 5 anayeshikilia kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu, hahitaji kukaripiwa wala kukaririshwa kanuni. Mpe karatasi mbili zinazotoshana, akunje moja vipande vitatu vilivyo sawa na nyingine vipande vinne, apake rangi kipande kimoja katika kila karatasi, kisha aviweke sambamba na akuambie mwenyewe kipi ni kikubwa. Baada ya hapo mpe hesabu tano za kufanya, si hamsini, na umwache azifanye bila kumnong'onezea majibu. Dakika arobaini zinatosha. Jambo lisilosameheka ni kukosa kufika bila taarifa, kwa maana mtoto aliyekungoja mlangoni Jumamosi mbili mfululizo hujifunza kwamba hata wewe ni wale wale.

Kusaidia wasichana kupata sodo ni kazi nyingine inayohitaji utaratibu kuliko huruma. Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa mwaka 2017 ili serikali iwape wanafunzi wa kike sodo bila malipo, lakini ziko shule ambazo bado huishiwa. Kabla ya kuchanga chochote, mwone mwalimu anayeshughulikia wasichana, umuulize ni wangapi, wanatumia pakiti ngapi kwa muhula, na kama wana chupi, sabuni, maji na pipa la kutupia, kwa sababu pakiti peke yake haimfai msichana asiye na chupi ya kuivalia. Mzigo ukifika, ukabidhi kwa mwalimu huyo ofisini. Kuwapanga wasichana mstarini mbele ya gwaride na kuwapiga picha wakipokea ni kuwaaibisha, hata kama picha hizo zinamfurahisha mfadhili.

Hapa inafaa niseme neno kuhusu desturi ya makundi ya vijana kutembelea makao ya watoto wakiwa na unga, sukari na mafuta ya kupikia, wakacheza nao nusu siku, kisha wakaondoka wasionekane tena. Nia huwa njema. Hata hivyo Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa mwaka 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia, kwa kuwa wengi wa wanaolelewa makaoni wana mzazi au jamaa aliye hai. Mtoto anayekumbatiwa na wageni wapya kila Jumamosi hapati mlezi kwa njia hiyo. Unga ule ule ungefanya kazi kubwa zaidi kwa nyanya wa mtaani kwenu anayelea wajukuu wanne kwa kuuza mboga, hasa ukiambatana na kijana anayewasaidia wajukuu hao kazi za shule na kumchotea nyanya maji siku mifereji inapokauka.

Asiyejua pa kuanzia atafute kikundi kilichopo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambalo lilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965 na lina makao yake makuu South C, huwapokea vijana na lina vilabu katika shule. Tuzo ya Rais, iliyoanza mwaka 1966, ni ya vijana wa miaka 14 hadi 24, na huduma kwa jamii ni mojawapo ya sehemu ambazo kila mshiriki lazima azikamilishe. Maskauti na chama cha Girl Guides pia wapo. Aliyetimiza miaka 16 na kufikisha kilo 50 anaweza kuchangia damu, ikiwa ni mzima wa afya na wazazi wake wanajua. Asubuhi hiyo ale vizuri na anywe maji ya kutosha.

Fedha ndizo huvunja vikundi vingi vya vijana, kwa hiyo zinahitaji uangalifu wa pekee. Msichange kwa simu ya mwanafunzi, hata kama ni mwaminifu kiasi gani, bali mchague mzazi au mwalimu mmoja awe mtunza hazina, na mwanafunzi mwingine aandike kila shilingi katika daftari lenye safu nne, yaani tarehe, jina la aliyetoa, kiasi, na namba ya muamala wa M-Pesa. Kila kinachonunuliwa kiwe na risiti iliyobandikwa katika daftari hilo hilo, na nauli iandikwe pia, maana nauli isiyoandikwa ndiyo huanzisha maneno. Jumla itangazwe mbele ya waliochanga kabla ya kununua na baada ya kununua. Kuzunguka na mkebe barabarani au kwenye stendi za matatu ni jambo la kuepuka, kwa sababu michango ya hadharani inahitaji kibali kisheria. Changeni miongoni mwa wanaowajua, yaani darasani, katika ukoo, kanisani au msikitini, na michango hiyo pia iwe kwa idhini ya wasimamizi.

Usalama usichukuliwe kwa wepesi. Mzazi ajue unakokwenda na saa ya kurudi, nanyi mwende wawili au zaidi, mkiwa na mtu mzima anayefahamika mahali hapo. Usiingie peke yako chumbani na mtoto wa watu, wala usipige picha ya mtoto bila ridhaa ya mzazi wake, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtoto wa Korogocho sawasawa na wa Karen. Ikiwa mtoto atakueleza kwamba anapigwa au anadhulumiwa nyumbani, msikilize, usimwahidi kuitunza siri hiyo, usianze kufanya uchunguzi, bali mweleze mwalimu au mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo.

Tukija kwenye ng'ambo, kijana wa Nairobi ana faida moja kubwa, nayo ni kwamba ameona msaada ukija kutoka upande wa pili. Amewaona wageni wakishuka kwenye basi Kibera, wakipaka rangi ukuta ambao fundi wa mtaani angeupaka kwa malipo, wakipiga picha na kuondoka. Anajua basi ni msaada wa aina gani ambao yeye mwenyewe asingependa kuupeleka kwa mwingine. Isitoshe, ng'ambo nyingine iko hapa hapa jijini, kwa sababu Eastleigh, Kayole na Kawangware zina familia zilizokimbia Somalia, Ethiopia na Kongo, na shule zetu zimepokea watoto waliokimbia vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023. Mwanafunzi mgeni anayejua Kiarabu tu, na ambaye hajui matatu ya kwao inabebea wapi, anahitaji mwenzake wa kukaa naye wakati wa mapumziko, kumsomea maagizo ya mtihani na kumsahihisha Kiswahili chake bila kumcheka. Hakuna fomu wala ada ya kazi hiyo.

Kwa walio mbali, kazi ninayoipendekeza kuliko zote ni uchoraji wa ramani. Mwaka 2009 vijana wa Kibera waliingiza mtaa wao katika OpenStreetMap, ramani ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, na tetemeko la Haiti la Januari 2010 lilipotokea, watu wa nchi nyingi walichora barabara za Port-au-Prince kwa picha za setilaiti ili waokoaji wajue njia. Mradi wa Missing Maps, ulioanzishwa mwaka 2014, unaendeleza kazi ya aina hiyo katika maeneo ambayo ramani zake ni haba. Unafungua akaunti kwa ruhusa ya mzazi, unachagua kazi ya wanaoanza, na unapewa kipande kidogo cha ardhi kwenye skrini ya kompyuta. Nyumba ya pembe nne unaiwekea alama katika kila pembe ya paa, ukitazama usilichanganye paa na kivuli chake, kisha unabonyeza herufi Q ili pembe zinyooke. Nyumba ya msonge unaichora kwa nukta chache na kubonyeza herufi O ili iwe duara. Ukiwa na shaka kama unachokiona ni nyumba au mwamba, usikichore. Anayekagua kazi yako atakuandikia ulipokosea, na maoni yake uyasome kabla ya kuchukua kipande kingine. Ikiwa nyumbani hakuna kompyuta, ombeni maabara ya shule kwa saa mbili za Ijumaa jioni.

Mkiamua kutuma fedha nje, tumeni fedha wala si vitu, kwa kuwa gharama ya kusafirisha katoni la nguo inaweza kuipita thamani ya nguo zenyewe, nazo fedha zikitumika huko huko humpa riziki mfanyabiashara wa huko. Ulizeni pia gharama kamili. Ryan Hreljac wa Kanada alikuwa mtoto wa miaka sita mwaka 1998 alipoanza kufanya kazi za nyumbani ili apate dola 70 za kuchimba kisima Afrika, na alipozifikisha akaambiwa kwamba hizo ni za pampu tu, ilhali kisima kizima kinagharimu dola 2,000. Aliendelea kuchangisha, na kisima kikachimbwa mwaka 1999 katika shule ya msingi ya Angolo, Uganda, kupitia mashirika yaliyokuwa tayari yakifanya kazi hiyo. Shirika linalopokea fedha zenu likiwa la Kenya, liwe limesajiliwa, na namba ya kulipia mwipate kutoka ofisini kwake, si kwenye ujumbe uliosambazwa wenye picha ya mtoto anayelia.

Muhula unapokaribia kufunguliwa, hasa kwa wanaosoma shule za bweni, kazi ikabidhiwe mapema. Mwambie mtoto unayemsomesha wiki mbili kabla kwamba utaondoka na ni nani atakayekuja, umlete mrithi wako akae nanyi katika kipindi kimoja, na umwachie ukurasa mmoja ulioandika mtoto amefikia wapi, anakwama wapi na nani wa kupigiwa simu. Daftari la fedha lifungwe kwa sahihi ya mtunza hazina na libaki kwake, na mwenye kazi, awe mwalimu, imamu, mchungaji au nyanya wa jirani, aarifiwe siku utakayorudi.