Somo: kuchoma DVD ya harusi ikubali kwenye deki ya bibi

Vijana wa Lamu harusi wanaziona kwenye simu. Bibi yeye yuko na deki yake ukumbini, na hapo ndipo wengi tunamwangusha: faili ya simu inanakiliwa vile vile kwenye DVD, ikifika kwake haisomi. Deki nyingi za zamani hazijui MP4, aina ya faili ya video za simu. Zinataka video ya MPEG-2, na kwa huku kwetu mfumo wa PAL, yaani 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde.

Kwanza panga klipu kwa namba na ukate marefu. DVD ya kawaida ni GB 4.7 (kompyuta yaweza kukuonyesha 4.38, ni ile ile). Saa 1 hutoka safi, saa 2 zaingia lakini picha inapungua. Zaidi ya hapo tumia DVD mbili.

Fungua DVDStyler, programu ya kutengeneza DVD, ni ya bure. Chagua PAL, ingiza klipu, weka menyu yenye vitufe viwili vitatu: Nikaha, Kupamba. Usichome bado. Toa faili ya ISO, yaani DVD nzima ndani ya faili moja, iangalie yote kwa VLC, programu ya kuchezea video, ndipo uichome kwa kasi ya 4x au 8x. Chaji laptopu kabisa, maana stima ikikatika katikati, DVD-R hiyo, ile ya kuchomwa mara moja tu, ni ya kutupa. Kisha ijaribu kwenye deki, si kwenye kompyuta iliyoichoma.

Jina liandike kwa maka laini ya wino wa maji, upande wa juu. Stika siipendi: unyevu wa bahari unainyanyua pembeni, diski inayumba, mwishowe inanasa ndani ya deki. Andika harusi ya nani, tarehe, na DVD ya ngapi kati ya ngapi. Ya kupamba iandike WANAWAKE TU kwa herufi kubwa. Mama aliyekupa flashi yenye klipu amekukabidhi sitara ya watu. Ukishamkabidhi DVD zake, futa klipu, ISO na folda ya muda, umwage na pipa la taka la kompyuta. Mimi humwita aone nikifuta.

*Mwalimu, deki ya mama yasoma, ya khalati yakataa.*
Angalia kama ulitumia DVD+R. Deki kuukuu nyingi hupatana zaidi na DVD-R. Choma nyingine kwa kasi ndogo.

*Klipu za simu zatoka na weusi pande mbili, nizivute zijae?*
Usizivute, dada, bibi harusi atatoka mnene. Zilipigwa wima. Kesho mwambie mpigaji ailaze simu.

*Zitadumu miaka mingapi kwa chumvi hii yetu?*
Miaka siwezi kukuahidi, ami. Ziweke kwenye kasha gumu, zisimame, mbali na dirisha la jua, na nakala ya pili ikae kwenye diski ya kompyuta (hard disk) ya familia yenyewe, si dukani kwangu.