Hesabu pumzi mwenyewe

Ukipokea zamu ya usiku ukakuta chati za wodi nzima zimeandikwa pumzi 20, 20, 20, ujue hakuna aliyehesabu. Nina miaka 14 wodini, na sepsisi nyingi nilizokutana nazo (mwili ukipambana na maambukizi hadi kudhuru viungo vyake wenyewe) zilianza kujitokeza kwenye pumzi, joto likiwa bado halijasema kitu.

Vuta kiti. Shika kifundo cha mkono kana kwamba unapima mapigo, macho yawe kifuani, maana mgonjwa akijua anahesabiwa pumzi huzibadilisha. Hesabu dakika nzima. Zikifika 22 au zaidi, hiyo ni dalili ya kwanza, usiondoke hapo kitandani. Pima presha: ya juu ikiwa 100 au chini yake, hiyo ni dalili ya pili. Ya tatu ni akili kuchanganyikiwa, na hapo muulize ndugu anayemuuguza.

Mama mmoja, siku ya tatu baada ya upasuaji, aliniitikia salamu vizuri kabisa. Binti yake ndiye aliyenivuta pembeni: "Dada nesi, mama ananiita kwa jina la shangazi, na shangazi alishafariki." Chati ilisema 20. Nilihesabu 31. Joto 35.8, na pembeni mtu kaandika "hana homa". Mimi joto chini ya 36 hunitisha kuliko 39. Plasta ya mshono ilikuwa safi, nyeupe, nilipoifunua, usaha.

Dalili mbili kati ya hizo tatu zatosha kumwita daktari. Ila hata usipoona dalili yoyote kati ya hizo na mgonjwa haonekani sawa, usitulie. Mwongozo wa kimataifa wa 2021 unakataza kutegemea kipimo hicho cha dalili tatu (qSOFA) peke yake. Bonyeza ncha ya kidole sekunde 10, achia: rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, damu haifiki vizuri. Tazama mfuko wa mkojo. Mtu wa kilo 60 anatakiwa kutoa walau mililita 30 kwa saa. Tafuta maambukizi yalipoanzia: kagua kanula (mrija wa dripu mshipani), mgongo, mapafu. Na kipimo cha malaria kikisoma chanya, bakteria bado wanaweza kuwemo.

Damu ya kuotesha bakteria maabara itolewe kabla ya antibayotiki, lakini maabara ikisuasua usiisubiri. Presha ikiwa imeanguka, dawa iingie ndani ya saa 1.

Ukimpigia daktari, "hali si nzuri" haimtoi mtu kitandani saa tisa usiku. Mwambie: "Pumzi 31, presha 94 kwa 50, amechanganyikiwa tangu jioni, mshono una usaha." Kisha andika saa uliyopiga.