Kuishi na Kuku Uani, na Jogoo Asiyenyamaza

Mfugaji mwenye kuku kumi au kumi na wawili katika ua wa Dar es Salaam, ambako ukuta wa banda mara nyingi unapakana na chumba cha jirani, hugundua mapema kwamba kulisha na kufagia ni kazi nyepesi kuliko kuishi na jogoo anayewika saa tisa usiku. Ikiwa unachotaka ni mayai ya kula tu, usimfuge kabisa, kwani mitetea hutaga bila jogoo. Anahitajika pale unapotaka vifaranga, na hapo mmoja huwatosha majike kumi.

Jogoo hasubiri mwanga ndipo awike. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba mwili wake una saa ya ndani inayomfanya awike kabla ya mapambazuko hata akiwekwa mahali penye mwanga hafifu wa aina moja mchana na usiku, ingawa taa na sauti ya jogoo mwenziwe humchochea pia. Kwa hiyo kulifunika banda kwa gunia pekee hakutoshi, lakini taa ya ulinzi inayomulika bandani izimwe au igeuziwe upande mwingine.

Kinachosaidia zaidi ni mahali anapolala. Mtazame kwa karibu anapojiandaa: hupigapiga mbawa, hujiinua, kisha hunyoosha shingo juu kabisa ndipo sauti itoke. Asipopata nafasi ya kuinyoosha, mlio hukatika. Mtengenezee kisanduku cha mbao ambacho dari yake inazidi kichwa chake kwa vidole viwili au vitatu tu, ili aweze kusimama na kugeuka bila kujinyoosha, na utoboe matundu ya kutosha pande zote, maana joto la Dar es Salaam katika miezi ya Desemba hadi Machi linaweza kumuua. Tandika maranda makavu, umwingize magharibi akiwa tayari ana usingizi, na umtoe saa moja asubuhi, wakati mtaa mzima umekwisha kuamka. Kumfungia humo mchana kutwa ni ukatili.

Mapora, yaani majogoo machanga, nayo yana hesabu yake. Watafiti haohao waligundua mwaka 2015 kwamba jogoo mwenye cheo ndiye huanza kuwika, na wengine humfuata kwa ngazi zao. Ukiwa na watatu, basi kila alfajiri utawasikia watatu. Pora akianza kujaribu sauti yake ya mikwaruzo, muuze au mtie chunguni. (Supu yake, kwa maoni yangu, hushinda ya kuku wa kisasa.)

Baada ya kuwatoa kuku bandani, badilisha maji, wape pumba za mahindi zilizochanganywa na dagaa waliosagwa, na uokote mayai kabla ya adhuhuri. Vifaranga wasiachwe wazi, kwa sababu kunguru huwanyakua mbele ya macho yako.

Chanjo ya kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na ile ya matone hutiwa tone moja katika jicho moja. Kwa kuwa chupa moja hutosheleza kuku wengi kuliko walio uani kwako, mpigie hodi jirani yuleyule anayelalamikia jogoo, ukamchanjie na kuku wake siku hiyohiyo.