Kutafuta moshi wa viwanda kwenye sayari ya mbali: hesabu ya kikokotoo

Wengi wakitafuta viumbe wenye teknolojia huwaza redio. Mimi naanza na gesi, kwa sababu haimsubiri mtu atuite: anayechoma mafuta, hewa ya sayari yake itamsema. Tafuta dioksidi ya nitrojeni, ile inayotoka kwenye magari na mitambo ya umeme. Humeza mwanga wa buluu. Shika simu, fungua kikokotoo.

Hatua ya 1: pima ugumu. Gawanya nusu kipenyo ya Dunia, kilomita 6,371, kwa umbali wake na Jua, 149,600,000. Jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha kwa 0.3 (sehemu ya mwanga ambayo Dunia huirudisha angani), kisha kwa 0.32, maana sayari tunaiona nusu, kama mwezi wa siku ya saba. Simu itaandika 1.74E-10 hivi, yaani 1.74 iliyogawanywa kwa bilioni 10: nyota inaishinda sayari kwa mwanga karibu mara bilioni 6. Ndiyo maana Habitable Worlds Observatory, darubini ambayo NASA inapanga kuirusha miaka ya 2040, itakuwa na koronagrafu ya kuziba nyota, kama unavyokinga jua kwa kiganja umwone mwewe.

Hatua ya 2: hesabu saa. Mwaka 2021 mwanasayansi wa NASA Ravi Kopparapu na wenzake walikadiria kwamba darubini yenye kioo cha mita 15 ingehitaji saa 400 hivi kuigundua gesi hii, kwa kiwango cha Dunia, kwenye umbali wa miaka ya nuru 32.6. Kioo cha darubini yetu ya Hatua ya 1 ni cha mita 6 hivi. Gawanya 15 kwa 6, weka mraba: 6.25. Saa zinafika 2,500! Usikate tamaa, sogea karibu. Nyota Tau Ceti iko miaka ya nuru 12; 32.6 kwa 12, mraba, ni 7.4. Saa zinashuka hadi 340 hivi, siku 14. Ni makadirio ya mkono tu, na Tau Ceti ina vumbi jingi litakalosumbua.

Hatua ya 3: chagua nyota. Ruka nyota nyekundu ndogo. Sayari yake yenye maji imeikaribia mno, koronagrafu itaiziba nayo. Mimi napendelea za rangi ya chungwa: urujuanimno wake ni hafifu, gesi haivunjiki haraka.

Hatua ya 4: jitilie shaka. Radi na vijidudu vya udongo huitengeneza gesi hiihii. Endesha kwanza modeli ya kompyuta ya sayari isiyo na viwanda, kisha uiongezee mawingu na ukungu. Mawingu yakitosha kueleza upungufu wa buluu, andika "mawingu" na uhamie nyota inayofuata.