Mji ukifika shambani kwako, anza na barabara

Ukiona madalali wa viwanja wamepanda bodaboda wanaulizia bei ya eka na lori za mchanga zinapita kila asubuhi, jua mji umeshafika, usisubiri nguzo za umeme. Mimi nakaa Goba, Dar es Salaam, kati ya zile Mbezi mbili, ya Beach na ya Kimara. Zamani huku ilikuwa mikorosho na mihogo. Leo tuko Manispaa ya Ubungo na daladala zinapanda kutoka Tangi Bovu. Nawaandikia ninyi wa Kisarawe na Mkuranga, mkoani Pwani, ambao bado mna mashamba.

Kabla hujauza hata kipande, toa barabara. Dalali atakuambia eka yako, hatua 70 kwa 70 (kama mita 63 kwa 63), inatoa viwanja tisa vya mita 20 kwa 20. Chora chini kwa kijiti, tatu kwa tatu, uone: cha katikati kimezibwa pande zote. Mwenyewe atatokea wapi? Sasa pitisha njia ya mita sita katikati. Zinabaki safu mbili, viwanja sita vya kama mita 21 kwa 28, na kila kimoja kinagusa barabara. Vimepungua, ndiyo, lakini kiwanja kinachofikika kwa gari hakiuzwi bei ya uchochoroni. Kwenye kamati yetu ya urasimishaji, yaani kupima na kupanga makazi yaliyojengwa kiholela, ugomvi karibu wote ulikuwa huo: nani arudishe ukuta nyuma ili gari la majitaka lipite. Kuna nyumba moja jeneza lilipitishwa juu ya ukuta wa jirani.

Bikoni, yale mawe ya mipaka, aweke mpima mwenye leseni, si dalali na kamba yake. Mauziano yaandikwe, mwenza wako na ndugu wakiwapo. Shamba la urithi lina wenyewe wengi. Bondeni usiuze. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka kingo za mto, na masika yakija utasikia jina lako likitajwa.

La kijiji kizima lisingoje. Mkiwa bado kijiji, mkutano mkuu una sauti. Mkishakuwa mtaa, mambo ya ardhi yanahamia halmashauri ya mji au manispaa. Itisheni mkutano, uwanja wa mpira, makaburi na eneo la zahanati viingie kwenye muhtasari, watu wasaini, nakala ifike halmashauri ya wilaya. Kisha zungushieni minyaa, mipaka ionekane. Ipandeni mwezi wa tatu, mvua zikianza.