Mpango wa masoko kwa biashara ndogo: anza na daftari, matangazo baadae

Hii ni kwa nyie mnaouza kitu kidogo nyumbani au kwenye frem. Mimi nauza viungo vya pilau na chai hapa Dar, so mifano ntaitoa humo humo.

Wengi wakisikia mpango wa masoko wanawaza matangazo tu. Mi pia nilianza hivyo, nikalipia tangazo mtandaoni bila kuchagua eneo, waliokuja inbox wengi wako Mwanza na Mbeya wanataka pakiti moja ya 3,000, yani kuituma kwa basi ni gharama kuliko mzigo wenyewe. Iliniuma kwakweli.

Kwahiyo kabla hujatoa hata mia chukua daftari, wiki mbili andika kila anaenunua, kachukua nini, anakaa wapi, kakujuaje, karudi au hajarudi. Usikadirie kichwani, andika. Mi nilikuwa naamini wateja wangu ni kina mama wa majumbani, kumbe daftari linaonyesha wanaorudi kila wiki ni mama ntilie watatu na dada mmoja anaepitisha chai maofisini, na wote wanataka robo kilo, pakiti ndogo haziwatoshi. Hapo mpango mzima ukageuka, nikatoa mfuko wa robo kwa bei ya jumla na hao ndo nawapelekea kwanza, alfajiri, kabla hawajabandika sufuria.

Halafu hesabu. Pakiti nauza 3,000, viungo na kifungashio na usafiri vinakula 1,900, inabaki 1,100. Nikitenga 30,000 ya promosheni maana yake niuze pakiti 28 za ziada ndo hela irudi, faida kamili ya 1,100 inaanzia pakiti ya 29. Ukiona idadi yako haifikiki, hiyo hela bora ufungashe sampo za kuonja ukawape majirani wa wateja ulionao.

WhatsApp Business ni bure, weka picha kwenye katalogi na bei uandike jamani, mambo ya "bei njoo inbox" yanafukuza watu. Kitu wengi hawajui, brodikasti moja (meseji unayotuma kwa watu wengi kwa mpigo) inachukua hadi watu 256 na meseji inamfikia tu aliyesevu namba yako, stetasi nayo asiyekusevu haioni, ndo maana ukimkabidhi mtu mzigo mwombe palepale akusevu.

Kwenye karatasi moja chora miezi yako: mishahara inapotoka, Ramadhani, Idi, Krismasi, Januari ya ada (hapo usichome hela kwenye tangazo). Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka kwahiyo angalia kalenda ya mwaka husika, na mzigo uwe tayari wiki tatu kabla.

Lengo liwe la namba, mfano mama ntilie 3 wawe 6 ndani ya mwezi. Ikigoma badilisha kitu kimoja kwanza, bei au eneo au maneno ya tangazo, ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.

Mi Jumapili usiku nikishafunga hesabu napitia daftari, yeyote ambaye hajanunua wiki hiyo namtumia meseji, namsalimia na kumuuliza kama viungo vimeisha, na oda nyingi za Jumatatu zinatokea hapo.