Somo: Kumkatia mtu mwingine tiketi ya ndege kwa maili zako

Wakuu, wapo wengi wenye maili, yaani pointi ambazo mashirika ya ndege huwapa wanachama wa mipango yao, zinazolala kwenye akaunti kwa sababu wanaamini kwamba mwenye akaunti peke yake ndiye anayeweza kusafiri nazo. Si kweli. Katika mipango mingi ya mashirika ya ndege unaweza kumkatia tiketi mama yako, rafiki wa zamani au mtoto wa jirani, wewe mwenyewe ukabaki nyumbani.

Kuna jambo moja ningependa lishikwe kabla ya hatua yoyote, maana ndilo linalowasumbua watu baadaye. Tiketi itaandikwa jina la msafiri, lakini mamlaka juu yake yanabaki kwa mwenye akaunti. Kubadilisha tarehe, kughairi, kurudishiwa maili, yote hayo yanapita kwako. Ukimkatia mtu tiketi, una kazi mpaka atue safari yake ya mwisho.

Hatua ya 1: Jua unaruhusiwa kumkatia nani

Hapa mipango inatofautiana sana, na hapa ndipo pa kusoma masharti kwa utulivu.

Iko mipango iliyo wazi. AAdvantage ya American Airlines, MileagePlus ya United na SkyMiles ya Delta zinakuruhusu kumkatia mtu yeyote, awe ndugu au si ndugu. Unajaza jina lake, basi.

Iko mipango ya orodha. KrisFlyer ya Singapore Airlines inataka uwaandikishe kwanza watu utakaowakatia, wasiozidi 5. Asiyekuwa kwenye orodha hakatiwi. Nashauri msijaze nafasi zote mara moja kwa shauku, kwa sababu kumtoa mtu na kumweka mwingine si jambo la bure kila wakati.

Halafu iko mipango ya ndugu tu. Mileage Club ya ANA, shirika la ndege la Japani, inahesabu ngazi mbili za undugu: mwenzi wako, wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa, babu na bibi, wajukuu, pamoja na ndugu wa ngazi hizo upande wa mwenzi. Baba mkubwa, mama mdogo, shangazi na binamu hawamo, hata kama ndio waliokulea. SKYPASS ya Korean Air nayo inataka ndugu wasajiliwe mapema kwa hati zinazothibitisha undugu. Ukianza kuhangaikia hati hizo wiki ya safari, umechelewa.

Tahadhari nyingine ni ya walio kwenye akaunti ya kaya ya British Airways, ile inayounganisha Avios (ndilo jina la maili zao) za watu mpaka 7. Ukishaingia humo, unaowakatia ni wanakaya na watu uliowaweka kwenye orodha yako ya ndugu na marafiki. Kuna watu wamejiunga ili kuongeza Avios, kumbe wamejifungia mlango wa kumkatia mtu wa nje.

Hatua ya 2: Usihamishe maili kama huna sababu

Wengi wakitaka kumsaidia mtu, wazo la kwanza ni kumtumia maili kwenye akaunti yake. Mashirika mengi hutoza ada kwa uhamisho huo, na maili zikishaondoka huna tena la kusema juu yake. Safari ikiahirishwa, zimebaki kwa mwenzako, pengine kwenye akaunti asiyoifungua kwa mwaka mzima. Kata tiketi moja kwa moja kutoka kwenye akaunti yako. Maili zilezile, bila ada ya uhamisho.

Isipokuwa pale penye kapu la pamoja lisilo na ada. United, kwa mfano, ilianzisha utaratibu huo mwaka 2024 kwa kundi la watu mpaka 5. Maili zenu zikiwa pungufu kila mmoja peke yake, hapo kuunganisha kuna maana.

Hatua ya 3: Pata taarifa za msafiri kwa maandishi

Usiandike jina kwa kusikia kwenye simu. Omba picha ya ukurasa wa pasipoti wenye sura yake. Tiketi ya maili kwa kawaida haibadilishwi jina kuwa la mtu mwingine: ukikosea sana, dawa ni kughairi na kukata upya, na kiti kile huenda ukakikuta kimechukuliwa.

Kama hujui lipi ni jina la ukoo na yapi ni majina ya kwanza, tazama ile mistari miwili ya herufi kubwa chini ya ukurasa. Baada ya herufi za nchi linatangulia jina la ukoo, kisha alama << mbili, kisha majina mengine. Mpangilio huo ni wa kimataifa, na ndio mashine za uwanjani zinausoma. Fuata huo, hata kama yeye mwenyewe amezoea kuyapanga majina yake vingine.

Chukua pia tarehe ya kuzaliwa, jinsia, namba ya pasipoti na tarehe itakapoisha. Na muulize mapema kuhusu viza, ikiwemo ya kupita tu kwenye nchi ya kuunganishia ndege. Njia ya bei nafuu kwa maili inaweza kupita mahali ambapo pasipoti yake hairuhusiwi bila viza.

Hatua ya 4: Tafuta kiti

Viti vya maili ni vichache kuliko vya pesa. Mashirika mengi huvifungua takriban siku 330 hadi 360 kabla ya safari, vingine huachiwa siku za mwisho ndege ikiwa haijajaa. Msafiri mwenye tarehe zinazoweza kusogea ana nafasi kubwa kuliko mwenye tarehe moja tu.

Usiishie kwenye ndege za shirika lako. Mashirika mengi yako kwenye miungano: Star Alliance iliundwa mwaka 1997, oneworld 1999 na SkyTeam 2000, na maili za mwanachama mmoja hukata tiketi kwenye ndege za wenzake. Maili za United, kwa mfano, zinaweza kumpandisha mtu Ethiopian Airlines, kwa kuwa wote wako Star Alliance.

Wakiwa wanasafiri wengi, tafuta kwanza kwa idadi yao kamili, halafu tafuta tena kwa mtu mmoja mmoja. Mara nyingi kuna kiti kimoja cha maili chache na vingine vya maili nyingi, na mfumo ukiona watu wanne unaweza kuwatoza wote ile bei kubwa.

Hatua ya 5: Kubalianeni nani analipa kodi

Maili zinalipa nauli. Kodi na tozo za viwanja zinabaki, na baadhi ya mashirika huongeza tozo yao wenyewe, ile inayoonekana kwenye mchanganuo kwa herufi YQ au YR. Tozo hiyo inaweza kuwa kubwa kiasi cha kukufanya ujiulize kama tiketi ni ya bure kweli, kwa hiyo fungua mchanganuo kabla ya kulipa.

Uingereza ni mfano mzuri. Kodi yao ya abiria wa anga hutozwa anayeanzia safari huko, na hupanda kulingana na umbali na daraja la kiti. Mtoto wa chini ya miaka 16 aliye daraja la kawaida halipi. Mweke mtoto huyohuyo daraja la biashara, analipa.

Ukilipa kwa kadi yako, angalia kama shirika limeandika kwamba kadi itaombwa kwenye kaunta ya uwanjani. Wapo wanaofanya hivyo, na msafiri hatakuwa nayo.

Hatua ya 6: Jaza ukurasa wa msafiri

Mfumo hupenda kukuandika wewe kama abiria wa kwanza, maana ndiye uliyeingia. Futa. Weka namba ya simu ya msafiri ili ujumbe wa ndege kuchelewa umfikie yeye, na barua pepe iwe yako.

Akiwa na namba yake ya uanachama, jaribu kuiweka. Kwa kawaida hatapata maili kwa tiketi ya maili, lakini kama ana hadhi ya juu, haki zake za mizigo zinaweza kumfuata. Hadhi yako wewe haimsaidii ikiwa hamko pamoja.

Hatua ya 7: Hakikisha tiketi imetoka

Namba ya bukingi yenye herufi na tarakimu 6 inaonyesha kwamba nafasi imeshikwa tu. Tiketi yenyewe ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa: 176 ni Emirates, 071 ni Ethiopian, 157 ni Qatar Airways. Usipoziona tarakimu hizo 13, piga simu siku hiyohiyo.

Kama ndege ni ya shirika mwenza, uliza pia namba ya bukingi ya upande wao, kwa sababu inaweza kuwa tofauti. Ndiyo atakayoitumia msafiri kuchagua kiti na kujiandikisha. Mtumie zote, pamoja na risiti.

Baada ya hapo, endelea kufungua bukingi mara kwa mara. Ratiba hubadilika, na taarifa itakuja kwako kabla ya kumfikia yeye.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kuna mtu yuko tayari kunilipa pesa taslimu nimkatie tiketi kwa maili zangu. Kuna ubaya gani, si maili zangu?*

Ubaya upo, ndugu. Masharti ya mipango mikubwa yanakataza kuuza maili au tiketi za maili, na AAdvantage imeandika wazi kwamba maili si mali ya mwanachama. Shirika likigundua linaweza kufuta tiketi, kuchukua maili zilizobaki na kufunga akaunti. Wala usitegemee mahakama kirahisi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Northwest dhidi ya Ginsberg, ilikataa dai la mwanachama aliyefukuzwa kwenye mpango kwamba shirika halikumtendea kwa nia njema. Ilisema sheria ya anga ya mwaka 1978 inalizuia dai la aina hiyo. Shauri lenyewe halikuhusu kuuza maili, ila linaonyesha mashirika yana nafasi kubwa kiasi gani. Na atakayekwama kwenye kaunta na mizigo yake ni yule aliyekulipa. Kumkatia mtu kama zawadi ni halali. Kufanya biashara, hapana.

*Samahani mwalimu, mama yangu hana akaunti yoyote ya maili. Lazima nimfungulie kwanza?*

Kwenye mipango ile iliyo wazi, hapana. Jina, tarehe ya kuzaliwa na jinsia vinatosha kumkatia. Kwenye akaunti ya kaya au kapu la pamoja, kila anayeunganishwa huwa na akaunti yake.

*Safari ikifutwa, maili zinarudi kwa nani?*

Kwako, kwenye akaunti zilikotoka, na kodi inarudi kwenye kadi iliyolipa. Kama kodi alilipa msafiri kwa kadi yake, yeye ndiye atakayeipata. American na United hurudisha maili bila ada ikiwa umeghairi kabla ya ndege kuondoka. Wengine wanatoza. Tazama pia muda wa maili zenyewe: za KrisFlyer huisha baada ya miaka 3, na katika baadhi ya mipango maili zilizopita muda wake hazirudi ukighairi.

*Dada anasafiri na mtoto wa miezi minane. Mtoto naye anahitaji maili?*

Aliye chini ya miaka 2 akipakatwa hahitaji kiti, lakini kwenye safari za kimataifa anahitaji tiketi. British Airways huchukua asilimia 10 ya Avios za mtu mzima. Mashirika mengine hutoza asilimia 10 ya nauli ya pesa taslimu, na kwa daraja la biashara hiyo si hela ndogo. Uliza kabla ya kukata ya mama. Mfumo ukigoma kumwongeza, piga simu, usisubiri uwanjani. Na kama atatimiza miaka 2 kabla ya kurudi, wakati wa kurudi atahitaji kiti chake.

*Mimi nina maili za kwenda tu, mume wangu ana za kurudi. Tunaweza kuzichanganya tumkatie baba mkwe?*

Tiketi moja haichukui maili za akaunti mbili, ila mkiwa kwenye kapu la pamoja. Lakini wewe kata ya kwenda, mumeo akate ya kurudi. Zitakuwa tiketi mbili zisizojuana: ya kwenda ikisogezwa, ya kurudi haisogei yenyewe, na kila mmoja wenu atashughulikia ya kwake. Mchapishieni mzee zote mbili abebe mkononi, kwa sababu afisa wa uhamiaji anaweza kumuuliza atarudi lini.

*Kaka, naomba msaada wa haraka. Mdogo wangu yuko uwanjani, amechelewa na milango itafungwa. Kaunta wanamwambia hawawezi kumbadilishia tiketi.*

Kama ndege ni ya shirika mwenza, wanachosema ni sahihi. Tiketi ilitolewa na mpango wako, kaunta ya shirika mwenza huwa haina ruhusa ya kuibadilisha. Piga sasa hivi huduma kwa wateja ya mpango wako, wape tarakimu 13, waambie hataweza kupanda na unataka ghairi au tarehe nyingine kabla ndege haijaondoka. Ikiondoka huku ameandikwa hakufika, safari zinazofuata kwenye tiketi hiyo, hata ile ya kurudi, kwa kawaida zinafutwa. Mwambie asiondoke kaunta mpaka umpe jibu.